Nyota wa Kwenye Ndoo na Maji Mekundu

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara. Kwetu ni Makete, kwenye baridi na ukungu, na bahari niliisoma vitabuni miaka mingi kabla sijaiona kwa macho. Nimekaa mtaa wa Chuno mwaka wa kumi na moja sasa, lakini nikisimama ufukweni bado najisikia kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Labda ndiyo sababu napenda kufundisha viumbe wa baharini kuliko mada nyingine zote. Ninachowaeleza wanafunzi, najieleza na mimi mwenyewe.

Katika likizo fupi moja, si zamani sana, nilitunga swali kwa ajili ya kidato cha tano. Niliwataka walinganishe viumbe wawili ambao mtu wa kawaida hawezi kuwaweka kwenye sentensi moja. Wa kwanza ni jamaa wa kiti cha pweza. Kiti cha pweza mwenyewe watu wa pwani wanamjua, yule nyota mnene anayejilaza mchangani. Huyu jamaa yake ni mwembamba. Katikati ana kisahani cha ukubwa wa kifungo cha koti, na kutoka hapo inatoka mikono mitano mirefu yenye miiba midogo, inayojinyonga kama mikia ya mijusi. Ukimshika vibaya, mkono unakatika. Sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili, kwa hiyo darasani nimezoea kumwita nyota mvunjikaji.

Wa pili ni dinoflajelati, kiumbe wa seli moja anayeelea kwenye maji ya bahari, mdogo kiasi kwamba bila hadubini humwoni. Nilitarajia wanafunzi waandike kwamba yule wa kwanza ni mnyama na huyu si mnyama wala si mmea. Kwamba nyota hutembea kwa kupiga makasia na mikono yake, na huyu mdogo huzunguka kama pia kwa mijeledi miwili, mmoja umemzunguka kiunoni kama mkanda na mwingine unaburura nyuma. Nyota hula mabaki na vijidudu vya chini ya bahari. Dinoflajelati wengine hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, wengine huwinda, na wapo wanaofanya yote mawili. Na kwa mwanafunzi mwenye akili ya kuchimba, nilitaka agundue yale wanayoshirikiana: hakuna kati yao mwenye ubongo, na katika jamii zote mbili wapo wanaotoa mwanga gizani wakiguswa.

Shida ilikuwa vielelezo. Nyota aliyekuwa kwenye chupa yetu ya maabara alikuwa amepauka kwa dawa, mikono mitatu imelala chini ya chupa kama njiti. Nilitaka aliye hai. Ndipo nikamwomba jirani yangu anichukue siku atakayokwenda kijijini kwao.

Jirani huyu ni mama wa Kimakua, umri sawa na mama yangu mzazi. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja. Watoto wake wote wako Dar es Salaam, lakini shamba lake la mikorosho na muhogo liko kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako ukisimama ufukweni unaiona Msumbiji ng'ambo. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, huenda kuangalia muhogo wake na kuokota chaza kwenye mizizi ya mikoko.

Mama yangu alikuwa nami wakati huo. Nilimleta Mtwara baada ya kumzika baba, kwa sababu dada yangu aliniambia kwamba alikuwa anakaa jikoni siku nzima na moto hauwashi. Miezi mitatu ya mwanzo alikaa hivyo hivyo kwangu, kwenye kiti cha plastiki barazani, akiangalia barabara. Aliyemtoa pale ni jirani. Siku moja alikuja na ungo wa mbaazi, akauweka miguuni pa mama bila kuuliza, na wote wawili wakaanza kupepeta. Kiswahili cha mmoja kina Kimakua ndani yake na cha mwingine kina Kikinga, na nusu ya maneno walikuwa hawaelewani. Nilisikia mara nyingi mmoja anauliza jambo na mwenzake anajibu jingine kabisa, na mazungumzo yanaendelea bila kukwama. Wakaanza kuitana mwenzangu.

Kwa hiyo mama aliposikia safari, alisema anakwenda. Nilimkumbusha kwamba bahari anaiogopa. Akanijibu kwamba hatakwenda baharini, atakwenda kwa mwenzake, na kama bahari iko hapo hapo hilo si kosa lake.

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu kwa gari la mizigo la mpwa wa jirani, aliyekuwa anakwenda kuchukua muhogo. Jirani alikuwa amefunga, ile sunna ya Jumatatu ambayo huikosi kwake labda awe mgonjwa. Tulifika maji yakiwa yameshakwenda mbali. Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na mawe meusi, na upande wa kulia mikoko imesimama na mizizi yake nje.

Mama alivua viatu, akakunja khanga, akaingia matopeni nyuma ya jirani. Mimi nilikwenda kwenye mawe. Nyota mvunjikaji hapendi jua, hukaa chini ya mawe, kwa hiyo kazi ni kuinua jiwe polepole na kulirudisha vile vile ulivyolikuta. Jiwe la nne nilimkuta. Nikamwita mama aje aone.

Alikuja, akainama, akarudi nyuma hatua mbili. Alisema wale ni nyoka watano wamefungwa pamoja. Nikamwambia ni mnyama mmoja, hana sumu, hana meno ya kumuuma mtu. Hakuniamini, lakini alitaka kunisaidia, basi akanyoosha mkono na kumkamata kwa vidole viwili kama anavyokamata kifaranga. Mkono mmoja wa nyota ukakatika, ukabaki kwenye vidole vyake unajipinda. Mama akautupa majini. Alinitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba.

"Nimemuua," alisema.

Nikamweleza kwamba hakumuua, kwamba mwenyewe ndiye aliyeuachia, kwamba samaki akimng'ang'ania hufanya hivyo hivyo, anaacha mkono na kukimbia na mingine, na baada ya miezi kadhaa unaota mwingine. Akauliza kama unaota kweli au nasema hivyo ili kumtuliza. Nikamwambia unaota kweli. Akachuchumaa kwenye lile dimbwi kwa muda mrefu, akimwangalia yule nyota akijivuta kwa mikono minne kuelekea kwenye kivuli cha jiwe, mmoja mbele, miwili ikipiga makasia pembeni. Jirani alipopita na kikapu alisema kwamba wao humwacha hapo hapo, haliwi, haumi, hana kazi. Mama akasema kwamba huyu tutakwenda naye nyumbani, maana amemjeruhi na hawezi kumwacha hivyo. Tukamtia kwenye ndoo yenye maji ya bahari na jiwe lake dogo.

Nilipokuwa nachota maji ya ndoo ndipo nilipoona rangi. Kutoka kwenye mawe ya mwisho kwenda kwenye mkondo, maji yalikuwa na michirizi myekundu yenye ukahawia, kama maji uliyooshea tofali. Ruvuma hushusha tope, na mwanzoni nilidhani ni mto tu. Lakini tope la mto huwa limeenea, na hii ilikuwa imejikusanya kwa mistari, kama kitu kinachojipanga chenyewe. Nilikuwa na chupa mbili safi kwenye mkoba. Nikazijaza zote, nikaziinua juani, nikawa nacheka peke yangu. Miaka yote nimemchora dinoflajelati ubaoni kwa chaki, mkanda wake na mkia wake, na sijawahi hata siku moja kumwona akiwa hai.

Jirani alikuwa karibu, anabandua chaza kwa panga fupi. Alinitazama, akayatazama yale maji, akaendelea na kazi. Nami nilimtazama, nikaendelea na yangu.

Tulirudi mapema, saa tano na nusu tuko Chuno. Jirani alimwachia dada yake pale kijijini fungu moja la chaza na lingine akaja nalo. Alimwambia mama kwamba leo atampikia chaza wa nazi, na yeye mwenyewe atakula jioni akifuturu. Niliwaacha wakigombana kirafiki juu ya pilipili, nikaweka ndoo ya nyota kivulini nyuma ya nyumba, nikachukua chupa zangu na ufunguo wa maabara.

Shule ilikuwa tupu. Nilifungua dirisha moja, nikaweka tone la maji kwenye kioo, nikashusha macho.

Walikuwepo. Sikuhitaji kutafuta. Walijaa kwenye duara lote la mwanga, rangi ya chai ya rangi, kila mmoja anazunguka huku anakwenda mbele, wanapishana, wanagongana, wanageuka. Niliuona mfereji wa kiunoni unaopita mkanda. Mijeledi yenyewe sikuiona vizuri, hadubini yetu si kali hivyo, lakini niliona jinsi maji yalivyotetemeka pembeni mwao. Nilikaa hapo nadhani nusu saa. Nilimfikiria nyota kwenye ndoo, nikaona swali langu ni zuri kuliko nilivyodhani. Yule ameumbwa na mikono mitano na haendi popote, anajivuta kutoka jiwe hadi jiwe. Huyu hana hata mkono mmoja na hatulii. Yule akishambuliwa ana cha kuacha nyuma. Huyu ni seli moja tu, hawezi kukatika kipande akabaki mzima, hana cha kutupa.

Nikaanza kuandika hayo kwenye daftari, kama nyongeza ya majibu. Niliandika: anajilindaje? Na mkono ukaandika wenyewe yale ninayoyaandika ubaoni kila mwaka. Wapo wanaowaka mwanga. Wapo wenye ganda gumu la vibamba. Wapo wenye sumu. Sumu haiwadhuru chaza wanaowachuja kutoka kwenye maji, bali hujikusanya ndani ya chaza. Haiondoki kwa kupikwa.

Niliisoma sentensi ile ya mwisho mara mbili. Halafu nikaangusha kiti.

Simu ya mama haikupokelewa. Huiacha ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kitambaa. Ya jirani iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena huku nakimbia kuelekea getini. Akapokea.

"Mama, msile chaza," nilisema.

"Mwenzangu amekwisha kula," alijibu. "Amesifu sana. Changu nimekifunika, cha jioni. Kuna nini?"

Nilimwambia asiguse chakula chake na asimpe mtu yeyote. Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba si kila maji mekundu yana sumu, na hiyo ni kweli, jamii nyingi hazina madhara yoyote. Na kila nilipojiambia hivyo niliwaona tena wakizunguka kwenye kioo, na nilivyokuwa nimekaa nawachekea.

Nilimkuta mama barazani kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa mchangamfu. Alilalamika tu kwamba pilipili za watu wa pwani zina mambo, midomo inamwasha bado, inamtambaa kama sisimizi. Jirani akasema taratibu kwamba hakutia pilipili, maana mama alikuwa amekataa. Wote wawili wakanitazama mimi.

Nilimuuliza mama vidole vyake vikoje. Akavikunja, akavikunjua. Akasema vimekufa ganzi kidogo, labda kwa kubandua maganda.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mimi upande huu na jirani upande ule. Tulipofika alishindwa kushuka mwenyewe. Miguu ilikuwepo, alisema baadaye, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Nilimweleza yote kwa haraka, maji, hadubini, chaza, saa ngapi amekula na kiasi gani. Alinisikiliza bila kunikatiza, akauliza majina ya kitaalamu, akaniambia ukweli. Ugonjwa huo ameusoma, hajawahi kuuona. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Mwili huitoa wenyewe kwa mkojo, na kazi ya hospitali ni kuhakikisha mgonjwa anapumua mpaka imalizike. Hatari ni saa za mwanzo. Akamtundikia dripu, akambana kidoleni kifaa cha kusoma oksijeni ya damu, akasogeza mtungi wa oksijeni karibu na kitanda.

Mama alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko mengine. Aliniangalia, akataka kuniambia kitu, ulimi ukawa mzito. Nilimshika mkono akashindwa kunibana. Nilijaribu kuomba na maneno hayakuja, nikawa nahesabu tu jinsi kifua chake kinavyopanda.

Alasiri ilipokuwa inakwisha muuguzi alitutoa ili wambadilishie shuka. Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na jirani. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake lakini vidole havikusogea. Akasema ana neno na mimi.

"Marehemu mama yangu alikuwa akiyaona maji yale anasema bahari iko mwezini kama mwanamke, isiguswe," alisema. "Tulikuwa tunakaa siku nyingi bila chaza. Mimi nikajua ni maneno ya wazee tu. Leo nimeyaona, nikakumbuka. Halafu nikakuona wewe unachota kwenye chupa, unacheka. Nikasema, kama mwalimu anacheka basi hakuna jambo."

Nilikuwa nimefanya vile vile. Nilimwona anaokota na nikajiambia kwamba mwenye bahari yake anajua. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba mimi nilikuwa na habari yote kichwani, nimeifundisha kwa miaka, na kilichonipofusha ni furaha tu, furaha ya kitoto. Kisha akashtuka, akakumbuka fungu alilomwachia dada yake kijijini.

Alibonyeza namba, mimi nikamshikia simu sikioni. Dada yake alisema chaza bado wako kwenye kikapu, hawajapikwa, maana na yeye amefunga na alikuwa anangoja jua lishuke. Jirani akamwambia awafukie, wote, na apite kwa majirani waliokuwa mikokoni siku ile awaambie. Dada yake akaanza kuuliza maswali. Akamjibu kwamba bahari iko mwezini. Yule dada hakuuliza zaidi.

Simu ilipokatika, jirani aliegemea ukuta na kufumba macho. Tulikuwa tumeokoa nyumba moja angalau, na kwa kiasi hicho kidogo nikapumua.

Kwenye korido ile niliwakumbuka yule nyota na dinoflajelati, si kwa kutaka. Ni kwamba nilikuwa nimeamka nao na walikuwa bado kichwani. Mama alimwogopa nyota kwa sababu anaonekana kama nyoka, ana miiba, anajipinda. Nyota wa watu hakuwa na la kumfanya, na yeye ndiye aliyeumia. Kilichomlaza mama hakikuwa na umbo la kumtisha mtu. Ungempa yale maji kwenye glasi angesema ni maji machafu tu. Na hata sumu ile haikumkusudia yeye. Wale waliokuwa wanazunguka kwenye kioo changu hawajui kama kuna Chuno, hawajui kama kuna mwanamke wa Makete aliyefiwa na mume akapewa bakuli la chaza na rafiki yake. Nilijaribu kuwachukia nikashindwa. Nilijichukia mimi kwa muda, kisha hata hilo likanichosha.

Adhana ya magharibi ilitoka msikiti wa karibu. Muuguzi alikuwa ameturuhusu kuingia tena. Jirani alisimama upande wa miguu ya kitanda, mimi kichwani. Daktari alikuja, akasoma kifaa, akamwomba mama amsukume mkono. Mama akamsukuma. Si kwa nguvu, lakini mkono wa daktari ulisogea. Daktari akarudia upande wa pili, na huko pia ukasogea. Niliona mabega yake yanashuka.

Mama akageuza kichwa polepole, akamtafuta jirani kwa macho.

"Mwenzangu," alisema, ulimi bado mzito. "Jua limezama. Hujafuturu."

Jirani alikaa chini pale pale, sakafuni, akajifunika uso na mtandio. Mimi nilitoka kwenda kutafuta maji na tende, na nilipofika kwenye kibanda cha nje sikuweza kumwambia muuzaji ninachotaka kwa sababu nilikuwa nalia. Akanisubiri bila haraka. Nadhani wenye vibanda vya hospitali wamezoea.

Daktari alitaka alale pale usiku huo ili waendelee kumwangalia. Asubuhi alikunywa uji, akakaa, akasimama, akatembea hadi mlangoni akishika ukuta na kurudi. Alisema miguu imerudi kuwa yake. Mchana alitolewa. Daktari alinipeleka pembeni akaniambia kwamba saa kumi za jana alikuwa ameshaulizia mashine ya kupumulia, na kwamba hajawahi kufurahi hivi kwa kitu ambacho hakukitumia.

Nyumbani nilikwenda nyuma kwanza. Ndoo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nyota alikuwa amejibana chini ya jiwe lake, mikono minne imekunjwa, na nilipogusa maji mmoja ukajinyoosha. Jioni ile ile jirani alikwenda kumwaga maji yote na nyota wake kwenye mawe ya ufukwe wa hapa mjini, kwa agizo la mama, ambaye alikuwa hataki mgonjwa mwingine kwenye nyumba. Wanafunzi wangu wakabaki na michoro.

Siku ya Jumatano nilikwenda kwa afisa uvuvi na chupa ya pili. Alikuja maabara, akaangalia kwenye hadubini yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akapeleka habari vijijini watu wasiokote chaza mpaka maji yasafike. Sampuli aliichukua ipelekwe kwa wataalamu. Wiki kadhaa baadaye alinipigia kusema kwamba ilifika imeharibika, viumbe wamepasuka, haikuwezekana kuwatambua. Kwa hiyo mpaka leo sijui jina lao. Najua tu walivyokuwa wanazunguka. Katika vile vijiji hatukusikia mtu mwingine aliyeugua, na maji yalirudi rangi yake kabla mwezi haujaisha.

Shule ilipofunguliwa niliwapa swali. Wengi walijibu vizuri, seli moja na seli nyingi, mijeledi na mikono. Msichana mmoja aliuliza kwa nini nimewaunganisha hao wawili, kwani mwanadamu anakutana nao wapi kwa pamoja. Niliweka chaki chini nikawasimulia, nusu kwa Kiingereza cha kufundishia na nusu kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye sehemu yangu, ile ya kucheka na chupa juani, niliisema pia. Wawili kati yao ni wa vijiji vya huko huko Ruvuma, na mmoja alisema kwamba bibi yake naye anayo maneno yale ya mwezi, na kwamba Jumamosi atamuuliza vizuri.

Kuhusu mama, niliogopa kwamba atataka kurudi Makete. Dada yangu alipopata habari alisema nimrudishe mara moja, pwani imetaka kumuua. Nilimpa mama simu waongee. Nilimsikia akimwambia dada kwamba amekuja huku kukaa na hajamaliza kukaa, na kwamba huko Makete pia watu wanakufa, hata kwa uyoga.

Ijumaa ya wiki ile ya mwanzo ya masomo nililala baada ya chakula cha mchana, usingizi mzito wa mtu aliyekuwa amebeba kitu kwa muda mrefu. Nilipoamka jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa nyumba. Kwa muda nililala macho wazi nikisikiliza. Nje kulikuwa na moshi wa mkaa na harufu ya maharage. Mama alikuwa anamfundisha jirani kupika maharage ya kwao, bila nazi. Jirani alikuwa anauliza, sasa yataliwaje. Mama akasema yataliwa kwa mdomo. Jirani akajibu jambo kuhusu mbaazi ambalo halikuhusiana kabisa, na mama akakubaliana naye, na nikasikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria.